Jim Reeves na spika ndogo ya Nairobi

Kantri inayopendwa Nairobi ni nusu tu ya kantri. Msikilize mteja anayeomba wimbo katika baa ya Westlands usiku wa kantri, au kumbuka nyimbo zilizopigwa kwenye kipindi cha Sundowner cha idhaa ya Kiingereza ya KBC: majina hayabadiliki sana. Ni Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers, Skeeter Davis, Dolly Parton. Hank Williams, Lefty Frizzell, Ernest Tubb na Webb Pierce, mabingwa wa honki-tonki, ule muziki uliokulia katika vilabu vya pombe vya Texas, hutajwa na wale wachache wanaopenda kuchimba. Jambo hili lina ajabu yake, kwa kuwa Nairobi haijawahi kupungukiwa na vilabu vya pombe wala na walevi wenye huzuni. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Wakenya wanapenda muziki mtulivu. Jibu hilo halielezi kitu. Linarudia swali kwa maneno mengine. Naona kilichochuja ni vyombo: jinsi nyimbo zilivyorekodiwa kule, na jinsi zilivyosikilizwa huku. Na ile nusu iliyochujwa, nusu ya baa, Nairobi ilijitengenezea yenyewe kwa gitaa moja.

Tuanze na honki-tonki ilivyoundwa, maana kila kiungo chake kilikuwa dawa ya kelele. Marufuku ya pombe ilipoondolewa Marekani mwaka 1933, vilabu vya wafanyakazi wa visima vya mafuta huko Texas vilijaa watu, na katikati ya zogo lile palikuwa na jukiboksi, sanduku la santuri linaloimba kwa sarafu. Gitaa kavu halikusikika humo. Ndiyo maana Tubb aliporekodi "Walking the Floor Over You" mwaka 1941 alitia gitaa la umeme. Mwaka 1954 Webb Pierce alitoa "Slowly", ambamo Bud Isaacs alipiga gitaa la chuma lenye pedali, akivuta noti kwa mguu huku nyingine zikiendelea kulia, na sauti ile nyembamba yenye kulalama ikapenya moshi na vicheko. Mwaka 1956 Ray Price alikuja na "Crazy Arms", besi ikitembea hatua kwa hatua ili miguu ya wachezaji isipotee. Mwimbaji naye aliimba kwa juu, kwa puani, kwa sababu sauti ya puani husafiri mbali. Kwa ufupi, huu ni muziki uliojengwa kushindana na chumba.

Huko Nashville, mwishoni mwa miaka ya 1950, Chet Atkins na wenzake katika kampuni ya RCA walikwenda kinyume kabisa. Waliondoa fidla, wakapunguza gitaa la chuma, wakaweka piano laini na waitikiaji wa nyuma. Jim Reeves, ambaye awali aliimba kwa nguvu kama wengine, alishusha sauti na kuisogelea maikrofoni katika "Four Walls" ya mwaka 1957. Hapo pana fizikia, si hisia peke yake. Maikrofoni zinazosikiliza upande mmoja zaidi huongeza uzito wa sauti kadiri mdomo unavyokaribia, kwa hiyo mtu anayeimba polepole karibu nazo hutoka mzito kuliko alivyo, na msikilizaji hudhani ameketi naye kochi moja. Miaka miwili baadaye akarekodi "He'll Have to Go", piano ikipigwa na Floyd Cramer. Kisa cha wimbo huo kinathibitisha hoja yangu kuliko maelezo yoyote ya studio. Mwanamume yuko baa, anampigia simu mpenzi wake, ambaye yuko na mwanamume mwingine. Anamwomba asogeze mdomo karibu na simu, naye kwa upande wake atamwambia mwenye baa apunguze sauti ya jukiboksi. Kisa kizima ni cha honki-tonki, yaani pombe, wivu na baa, lakini chombo cha honki-tonki kimeshushwa sauti ili mnong'ono upite. Huyo ndiye Reeves aliyevuka bahari.

Alipovuka alikutana na nini? Redio ndogo ya transista, spika yake haizidi kiganja, ikipokea mawimbi ya kati kutoka Sauti ya Kenya, mtangulizi wa KBC, iliyokuwa na makao yake barabara ambayo leo ni Harry Thuku. Mawimbi hayo hukata sauti nyembamba za juu, na spika ndogo haina nguvu ya kutoa besi. Kinachobaki ni katikati, mahali pa sauti ya mtu. Ala zikiwa chache na zenye adabu, kama kwa Reeves, mwimbaji anapata uwanja wake, na sikio, ambalo lina ujanja wa kukisia noti nzito kutokana na sauti za juu zinazoambatana nayo, humrudishia uzito ambao spika haikuutoa. Kila neno linasikika hadi herufi ya mwisho. Kwa msikilizaji aliyejifunza Kiingereza darasani, hilo si jambo dogo: aliweza kuukariri wimbo mzima kwa usahihi, na wimbo unaokaririka ndio unaoimbwa harusini.

Fundi wa sauti atapinga, na ana haki. Atasema santuri za honki-tonki ndizo zilizopikwa kwa ajili ya katikati hiyo hiyo, kwa hiyo zingepaswa kung'ara zaidi kwenye transista. Ni kweli zingepenya. Ila kupenya ni sifa ya kushindana na kelele, na redio ya jioni katika nyumba ya Kaloleni au Kawangware haikuwa ikishindana na jukiboksi. Ilikuwa chini kidogo ya mazungumzo, watoto wakikaribia kulala. Katika hali hiyo fidla, gitaa la chuma na sauti ya puani vinagombea nafasi moja, maneno yanamezwa, na kilichoundwa kuwa kikali kinabaki kukwaruza.

Pingamizi la pili ni la maudhui: kwamba kantri ilipendwa kwa sababu inaimba juu ya mama, shamba, kanisa na njia ya kurudi nyumbani, mambo ambayo mwana wa Murang'a au Siaya aliyehamia jijini anayajua vizuri. Siwezi kulikataa moja kwa moja. "Coat of Many Colors" ya Dolly Parton, ya mwaka 1971, haihitaji mkalimani kwa aliyevaa nguo ya viraka shuleni. Lakini Hank Williams aliimba upweke, dini na nyumbani si haba, na hilo halikumletea umaarufu wa Reeves hapa. Maudhui yanapatikana pande zote mbili, mlio haupatikani. Wengine husema walowezi na wamishonari ndio waliotuletea, na kuletewa ndiko kulikotufanya tupende. Kufika kunaelezeka hivyo, kudumu hakuelezeki. Walileta pia bendi za densi za ukumbini na zumari za Kiskoti, na hakuna anayeziomba leo baa. Isitoshe, kabla ya Reeves kulikuwa na Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake ziliwafikia Wakipsigis kwa gramafoni, na mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi huko Kapkatet wakimwimba kwa jina la Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa, huku wakipiga chepkong, kinubi chao. Hakuna mlowezi aliyewaagiza hivyo. Walisikia sauti moja na nyuzi zinazodonolewa, wakatambua umbo walilokuwa nalo tayari.

Umbo hilo, sauti moja na nyuzi, ndilo linalotupeleka kwenye nusu ya pili. Katika miaka ya 1990 baa za Nairobi na viunga vyake zilijaa wapigaji wa gitaa peke yao, Mike Rua akiwa miongoni mwa waliovuma, wakipiga mugithi: wimbo unaingia katika wimbo bila kupumua, wateja wanashikana mabega na kupangana kama mabehewa. Itazame kiufundi. Bendi nzima ni ghali kwa mwenye baa, kwa hiyo ngoma inatoka kwenye kinanda kilichopangwa mapema na gitaa linapitishwa kwenye amplifaya. Mwimbaji hapumziki kati ya nyimbo, kwa kuwa kimya kikiingia mteja anaitisha bili. Nyimbo za Kikuyu za zamani, za kanisa na za kantri zinatiwa chungu kimoja, na usiku ukikomaa maneno ya tenzi hugeuzwa kuwa ya kitandani. Kila uamuzi hapa ni dawa ya kelele, kama ilivyokuwa kwa Tubb.

Mpenzi wa mugithi anaweza kukasirika: muziki huu una ukoo wake, umepita kwa waimbaji kina Joseph Kamaru na mtaa wa River Road, hauhitaji babu wa Texas. Nakubali, na sikudai undugu wa damu. Hata udonoaji wa gitaa kavu Kenya ulikuwa na mabingwa wake mapema. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliendesha besi kwa kidole gumba na wimbo kwa cha shahada, chupa ya soda ikigongwa pembeni, bila kumwomba mtu ruhusa. Ninachodai ni kidogo zaidi, na kwangu kinavutia zaidi: tatizo moja, la kuimba mbele ya watu wanaokunywa, lilizaa suluhisho zinazofanana katika nchi mbili, na kwa kuwa Nairobi ilikuwa na suluhisho lake, haikuhitaji kuagiza la Wamarekani. Reeves alibaki wa sebuleni, mugithi ukashika baa. Hata mwendo wa baadaye umefanana: mwimbaji Samidoh leo hupiga mugithi na bendi kamili, kwa sababu umati umekua na gitaa moja halitoshi.

Kinachosumbua mgawanyo huu ni Elvis Otieno, ajulikanaye kama Sir Elvis, anayeimba nyimbo za Reeves kwa sauti yake nzito mbele ya wateja, na Esther Konkara, aliyejijengea jina kwa kantri hiyo hiyo. Je, si sebule imehamia baa? Imehamia, kwa msaada wa umeme. Spika za ukumbi wa leo zinaweza kukuza mnong'ono hadi upite vicheko bila kuugeuza ukelele, jambo ambalo Tubb hakuwa nalo. Mwimbaji hahitaji tena kupiga puani ili asikike. Anahitaji tu kujua kukaa karibu na maikrofoni, ufundi ambao Reeves aliutumia tangu 1957. Kantri mpya nayo inakuja imeshatengenezwa kwa spika kubwa. "A Bar Song (Tipsy)" ya Shaboozey, Mmarekani mwenye wazazi kutoka Nigeria, iliyotamba mwaka 2024, imejengwa juu ya wimbo wa rap wa mwaka 2004 wa J-Kwon, na kishindo chake kinahitaji besi ya matatu, si redio ya jikoni. Ikiwa chombo ndicho kinachochuja, basi kijana wa Kangemi anayesikiliza kwa spika hizo kubwa anapaswa kumpokea Shaboozey bila kumpitia Reeves kwanza, na anayesimamia orodha ya nyimbo Westlands afanye hesabu hiyo kabla ya kupanga usiku wake ujao.