Kiti cha mulombwa chini ya ampule nyeupe

Bandugu, leo sisemi juu ya mihogo wala mbegu. Nasema juu ya kiti. Ni kiti cha zamani cha mulombwa, ule mti Watanzania wanaita mninga, kilichotengenezwa upya kwenye atelye moja hapa Kalemie. Watu wanakisifu. Mimi nakisifu nusu.

Viungo ni vizuri: miguu haitikisiki, mgongo umenyooka. Shida iko juu ya mbao. Mule atelye kuna ampule moja ya LED, nyeupe, inaning'inia juu kabisa, na kiti kimepakwa verni ya kung'aa. Unaona mng'ao tu. Mbao inafanana na plastiki ya kahawia.

Siye tuliosoma miti tunajua sababu. Nyuzi za mulombwa hazipandi sawasawa: tabaka moja linaegemea kulia, linalofuata kushoto. Mbao ikipasuliwa inatoka mikanda. Mmoja unarudisha mwanga kwenye jicho lako, mwingine unautupa pembeni. Ukisogea hatua mbili, ule wa giza unawaka. Uzuri wa mulombwa uko pale, na unataka mwanga wa upande. Tena ampule nyingi za bei ya chini zina wekundu kidogo sana mu mwanga wao, basi wekundu wa mbao unafifia.

Niliomba kiti kitolewe nje asubuhi. Kwetu jua linatokea upande wa ziwa, na likiwa bado chini linapita juu ya mbao likiigusa kidogo tu. Mikanda ikatokea. Mikwaruzo ya msasa nayo ikatokea, imekatiza nyuzi mgongo mzima, na verni imeifungia mule.

Fundi ana mkono mzuri, lakini chini ya ampule ile hakuna mtu angeiona mikwaruzo hiyo. Taa moja ya pembeni ingetosha, na msasa ufuate nyuzi, na verni isiyong'aa sana.

Si jambo dogo. Kuondoa mikwaruzo ni kupiga msasa tena, na kila msasa unakula mbao. Miti hii inakua polepole. Mukula, ndugu yake mulombwa, ilikatwa mpaka 2019 ikaingizwa kwenye orodha ya CITES ya miti ambayo biashara yake inachungwa.

Wewe unayetafuta meble ya kuanza nayo nyumba, usitoe pesa mbele ya kukiona kiti nje, asubuhi ao jioni. Kizunguke. Fundi akikataa kukitoa, umekwisha kupata jibu.