Sababu za Kumwamini Sauna

Kama ulikalia KCSE kuanzia 2018 na ukasoma Chozi la Heri ya Assumpta Matei, basi Sauna unamjua, na kuna uwezekano mkubwa unamchukia. Ni yule yaya aliyewaiba Dick na Mwaliko, ndugu zake Umu, akawafikisha kwa Bi. Kangara aliyefanya biashara ya watoto. Ukiulizwa sifa zake unazijua hata usingizini: katili, mnafiki, mwenye tamaa. Unatoa mfano kwa kila sifa, unapata alama zako, unasonga kwa swali la ushairi.

Mimi naona Sauna ndiye msichana muhimu kuliko wote katika riwaya hiyo, na tumemsoma vibaya. Nitaongeza lingine ambalo litawakera walimu: usomaji bora wa msichana kama yeye sikuupata kwenye mwongozo wowote. Niliupata kwenye hukumu ya Mahakama Kuu ya Meru.

Tuanze na nyumba yao. Baba wa kambo wa Sauna, Bwana Maya, anambaka. Msichana anashika mimba. Mama anajua. Na anapojua, haendi kwa chifu wala polisi. Anamsaidia bintiye kuitoa hiyo mimba, kisha anamwambia jambo lile libaki siri. Hapo ndipo Sauna anapoamua kutoka. Matei anayasimulia haya kwa haraka, karibu kama maelezo ya pembeni, na kusema kweli hiyo haraka ni udhaifu wa kitabu. Kurasa nyingi zinaenda kwa familia zinazosambaratika na kuungana tena, hadi ndugu watatu wanakutana kwa sadfa ambazo hata msomaji mpole anaanza kuguna. Sauna anaenda jela. Lakini Matei amefanya jambo moja ambalo waandishi wetu wengi hulikwepa: hakumfanya mama kuwa zimwi. Ni mwanamke aliyepiga hesabu. Mume, paa, jina la familia upande mmoja. Mtoto upande wa pili. Akafunika kombe.

Umu naye ana mikasa yake. Mama anaondoka, baba anafariki, ndugu wanaibwa, anabaki peke yake mjini akiwa msichana mdogo. Walimu humsifu kwa ustahimilivu, na sina ubishi. Ila hebu angalia tofauti. Msiba wa Umu unasimulika. Anaweza kumwambia mtu asiyemjua, na huyo mtu akamhurumia bila kumwangalia vibaya. Ndiyo maana hatimaye Mwangeka na Apondi wanampokea kama mwana wao. Sauna angeenda kumwambia nani? Angeanza na neno gani? Tunamsifu mmoja kwa kustahimili na kumlaani wa pili kwa alivyogeuka, kana kwamba wote wawili walipewa mtihani mmoja.

Na hilo swali la neno si dogo. Magazeti yetu na mahakama zetu, mtoto akitendewa unyama wa aina hii, husema "amenajisiwa". Neno hili nimekuwa nikilitafuna kwa muda. Najisi ni uchafu, ule uchafu wa kidini unaohitaji kutawadha. Kunajisi kitu ni kukifanya kichafu. Yaani mwanamume ametenda kosa, na lugha yetu imeshatangaza kwamba aliyechafuka ni mtoto. Kitenzi ni cha mkosaji lakini doa ni la msichana. Mama akisikia neno hilo redioni atakimbilia wapi kama si kuosha na kuficha? Sisemi siri za nyumba zetu zililetwa na kamusi. Nasema kamusi inazisaidia.

Sasa twende Meru. Tarehe 11 Oktoba 2012, ambayo ilikuwa mara ya kwanza dunia kuadhimisha siku ya kimataifa ya mtoto wa kike, wasichana kumi na mmoja, kwa kusimamiwa na shirika la Ripples International, waliwasilisha kesi Mahakama Kuu ya Meru. Shirika hilo huendesha kituo cha kuwaokoa wasichana kinachoitwa Tumaini. Ulimwengu unaijua kesi hii kama ya "wasichana 160", na mwaka wa 2018 mtengenezaji filamu wa Kanada, Andrea Dorfman, aliitolea filamu ya hali halisi, The Girls of Meru. Hiyo namba imesafiri mbali. Inavutia wafadhili, inakaa vizuri kwenye mabango. Mimi napendelea ile ya kumi na mmoja, kwa sababu watu kumi na mmoja unaweza kuwasoma mmoja mmoja. Mia moja na sitini wanageuka umati, na umati hauna mama wala jikoni.

Ajabu ya kesi hiyo ni nani aliyeshtakiwa. Si baba, si mjomba, si jirani. Walioshtakiwa ni polisi na serikali. Wasichana walisema, kwa lugha ya mawakili wao: tulitendewa, tukasema, na tuliposema hakuna aliyefanya kazi yake. Na Jaji J. A. Makau, katika hukumu ya tarehe 27 Mei 2013, alikubaliana nao. Kutochunguza, kuchelewa, kumhoji mtoto kwa namna ya kumdhalilisha, kumtaka aliyeumizwa ndiye atafute mashahidi: yote hayo mahakama iliyaita ukiukaji wa haki zao za kikatiba. Tena ikaenda hatua ambayo ilinifanya nisome mara mbili. Ilisema kwamba kwa kuzembea, polisi walijenga mazingira ambamo wakosaji hawana cha kuogopa, na kwa hivyo wanabeba lawama kwa majeraha ya moyoni waliyopata wale watoto.

Hebu soma hiyo kama mhakiki. Hukumu imebadilisha mhusika mkuu. Katika masimulizi yetu ya kawaida, msichana ndiye anayeangaliwa: je, alivumilia? Alisimama? Alianguka? Macho yote kwake, kama anayetembea juu ya kamba. Hukumu ya Meru inageuza kamera kwa wasikilizaji. Inauliza: alipofungua mdomo, nani alikuwa pale na alifanya nini? Siri ya familia, kumbe, haihifadhiwi na familia peke yake. Kuna ofisa anayeomba hela ya mafuta kabla ya kuwasha gari. Kuna wazee wanaokaa chini ya mti kutaja mbuzi ili mambo "yaishe nyumbani", jambo ambalo mtu yeyote aliyekulia kati ya Maua na Siakago amelisikia, hata kama kwa minong'ono. Kuna karani, kuna fomu ya P3. Hata Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, tuliyoishangilia, ilikuja na kifungu cha 38 kilichosema kwamba anayemsingizia mtu uongo ataadhibiwa sawasawa na ambavyo mkosaji angeadhibiwa. Kilifutwa baadaye. Lakini hebu jiweke mahali pa msichana wa miaka kumi na nne anayeambiwa na shangazi yake: ukishindwa, utafungwa wewe.

Hukumu nayo ina mapungufu yake kama maandishi. Wasichana ni herufi tu, C.K. na wenzake, na hiyo naielewa, ni ya kuwalinda. Kinachonisumbua ni kwamba mama hayupo. Nyumba haipo. Sheria ilihitaji mshtakiwa mmoja mkubwa, ikampata, na ikaacha jikoni kimya. Kwa hivyo ukitaka kuelewa kwa nini msichana wa Meru alichelewa kufika kituoni, hukumu haikuambii. Chozi la Heri inakuambia. Na ukitaka kujua kwa nini Sauna hakuenda kituoni kabisa, riwaya haikuambii, hukumu inakuambia. Mimi nilivisoma viwili hivi pamoja, na sasa siwezi tena kuvisoma mbalimbali. Katika riwaya polisi wanafika, ndiyo, lakini wanafika kwa ajili ya watoto walioibwa. Mkono wa sheria unamgusa Sauna mara ya kwanza akiwa mshukiwa.

Kuna jambo lingine la kisheria ambalo natamani lingeingia vyumba vya walimu wa fasihi. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mahakama, katika kesi za makosa ya kijinsia, kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake. Sharti ni kwamba hakimu aridhike kuwa anasema kweli, na aandike sababu zake. Ukifungua tovuti ya Kenya Law usome rufaa za Embu na za Meru, utaona mahakimu wakihangaika na sharti hilo. Mshtakiwa anasema ni kisasi cha shamba. Anasema mama wa mtoto ana ugomvi na familia yake. Anasema umri haukuthibitishwa. Na mbele yake kuna mtoto mmoja aliyesema kitu kimoja, na mtu mzima aliyelazimishwa na sheria aandike, kwa sentensi, kwa nini anamwamini. Wengine wanaandika vizuri, wengine wanaandika mistari miwili ya uvivu na rufaa inawakamata hapo hapo. Lakini wote lazima waandike.

Sisi wasomaji wa Sauna hatujawahi kulazimishwa. Nilisoma kitabu hiki Kidato cha Tatu katika shule ya bweni upande wa Embu. Tulikuwa wasichana hamsini na kitu darasani. Ubao uligawanywa mara mbili: Umu kushoto, Sauna kulia, sifa chini ya kila jina. Tukanakili. Kulikuwa na mmoja wetu, sitasema zaidi, ambaye kila likizo ikikaribia alikuwa anatafuta sababu ya kubaki shuleni, ati ana homa, ati nauli haijatumwa. Alinakili "katili" na "mnafiki" kama sisi wote, kwa mwandiko mzuri kutushinda. Sijui alichokuwa akibeba na sikumuuliza, wala mwalimu hakumuuliza. Ila darasa la ukubwa huo, katika kaunti zozote mbili hizi, halikosi mtu ambaye ukurasa wa Bwana Maya kwake si fasihi. Na tulikuwa tunamfundisha kwamba mwisho wa msichana kama huyo ni jela, na kwamba jibu sahihi lina alama mbili kwa kila hoja.

Sitaki Sauna asamehewe. Dick aliingizwa kwenye ulanguzi wa dawa za kulevya akiwa mtoto, na hilo ni tunda la mkono wake. Ukatili upo. Ninachokataa ni kuuita ukatili huo tabia, kama urefu au rangi ya macho. Sauna alijifunza nyumbani kwamba mtoto ni kitu kinachoweza kutolewa ili wakubwa waishi kwa amani. Alilipia somo hilo kwa mwili wake. Kisha akalitumia. Hiyo nayo ni namna ya kuendelea kuishi, hata kama si ile tunayopenda kuipigia makofi. Ustahimilivu tunaousifu siku zote ni ule usiotugharimu sisi chochote.

Riwaya teule zimeshabadilika, na Chozi la Heri sasa iko kwenye meza za mitumba, kurasa zimepigwa mistari ya kalamu nyekundu. Labda ndiyo nafasi ya kuisoma bila mtihani. Lakini kama kuna mwalimu bado anayeitumia kwa tamrini za Ijumaa, kuanzia Nkubu hadi Runyenjes, ninampa swali bure: Nyumbani kwa kina Sauna, nani alijua, na alinyamaza kwa faida ya nani? Fafanua. Alama 20. Mwanafunzi aanze na mama, kisha Bwana Maya, kisha majirani. Sauna mwenyewe aje wa mwisho, na atakayeandika "katili" aeleze kwanza alipomaliza kuandika wengine.