Kompyuta Mpakato na Kompyuta ya Mezani: Uhakiki wa Istilahi Mbili Mbele ya Kazi ya Dijei wa Video

Istilahi hupimwa kwa mizani mbili. Mizani ya kwanza ni ya lugha yenyewe: je, neno limeundwa kwa kufuata kanuni za Kiswahili, na je, linatamkika bila taabu? Mizani ya pili ni ya kazi: je, mtu alisikiapo neno hilo huelekezwa kwenye kitu anachokihitaji, au hupotoshwa? Wahakiki wetu wameizoea mno mizani ya kwanza na mara nyingi huisahau ya pili. Makala haya yanakusudia kuzipima kwa mizani zote mbili istilahi za kompyuta mpakato na kompyuta ya mezani. Jiwe la kupimia tulilolichagua ni kazi ya dijei wa video. Huenda wapo watakaoona kuwa hiyo ni kazi ya starehe isiyostahili kurasa hizi. Lakini kazi hiyo huichosha mashine kuliko barua zote za ofisini, na udhaifu wa jina hudhihirika upesi mahali ambapo kazi ni ngumu.

Mwandishi aliwahi kuombwa kusahihisha Kiswahili cha waraka wa zabuni wa kituo kimoja cha vijana. Waraka ulitaka "kompyuta mpakato mbili kwa ajili ya madijei wa video". Lugha yake ilikuwa safi, nami nilisahihisha nukta na mikato tu, nikaurudisha. Mashine zilizoletwa zilikuwa nyembamba, nyepesi na za kupendeza. Zilifaa kuandikia barua. Siku ya mahafali, vijana walipojaribu kuunganisha video ya pili juu ya ya kwanza, picha ilianza kukwama na hatimaye ikaganda mbele ya wazazi. Muuzaji hakuwa amevunja mkataba, kwani alileta kile kilichotajwa. Kosa lilikuwa katika maneno, na sehemu ya kosa hilo ilikuwa yangu.

Tuanze na mtu mwenyewe kabla ya mashine yake. Hapo zamani mtu huyu tulimwita mcheza santuri, na jina lilimfaa, maana alisimama mbele ya santuri na kuzichezesha. Santuri zilipopungua, jina la dijei likashika mahali pake. Picha zilipoongezwa kwenye muziki, tukasema dijei wa video; na hapo ndipo utata ulipoingia. Katika Afrika ya Mashariki jina la dijei limebebeshwa kazi mbili zisizofanana. Yupo achanganyaye video za muziki mbele ya wachezaji, akiivusha picha moja kwenda nyingine kwa kufuata mapigo ya ngoma. Yupo pia asimuliaye filamu za kigeni kwa Kiswahili, kama alivyofanya Lufufu, ambaye sauti yake ilivuma katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, na kama alivyojipatia jina DJ Afro nchini Kenya. Huko Uganda msimulizi wa namna hiyo huitwa VJ, na wengi wao husimulia kwa Kiganda.

Kwa mfasiri, tofauti hii si ndogo. Leo msimulizi wa filamu aweza kufanya kazi chumbani, akarekodi sauti yake, akairudia alipokosea, kisha akatoa nakala. Mchanganyaji wa video hana nafasi ya kurudia. Akikosea, ukumbi mzima umeona. Wa kwanza hahitaji kuihamisha mashine yake. Wa pili leo yuko Temeke, kesho Bagamoyo. Waraka unaosema "dijei wa video" bila kueleza ni yupi kati ya hawa wawili umekwisha kumpoteza mnunuzi kabla hajaifikia kompyuta.

Sasa tulitazame neno mpakato. Limetokana na kitenzi pakata, yaani kumweka mtoto mapajani na kumshika. Kwa umbo halina dosari: kama tega lilivyotupatia mtego na funika likatupatia mfuniko, ndivyo pakata lilivyotupatia mpakato. Kulipanga baada ya kompyuta, nomino kando ya nomino, kuna mfano wake katika askari kanzu. Mwalimu ataulizwa na wanafunzi kuhusu wingi wake; naye ajibu kwamba kompyuta mpakato hubaki vilevile, na upatanisho wa sentensi hubeba wingi: kompyuta mpakato hizi zimeharibika. Kwa mizani ya kwanza, basi, neno limefaulu.

Kwa mizani ya pili mambo ni mengine. Jina hili linamwambia mtumiaji aiweke mashine mapajani, na hilo ndilo dijei wa video asilopaswa kulifanya. Mashine nyingi za aina hii huvuta hewa ya kupoza kupitia matundu yaliyo upande wa chini. Zikipakatwa, au zikilazwa juu ya kitambaa cha meza ya harusi, matundu huzibwa na joto hupanda. Kichakataji, yaani sehemu ifanyayo hesabu zote za kompyuta, kikizidi joto hupunguza kasi yake chenyewe ili kisiungue. Mwenye kuandika barua hatatambua. Mwenye kuchanganya video ataona picha zikirukaruka. Ndiyo maana madijei wazoefu huiinua mashine juu ya kistendi kidogo ili hewa ipite chini yake.

Kompyuta ya mezani nayo ina kisa chake. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ambayo wengi waliiiga, ilikuwa na kasha bapa lililolazwa juu ya meza, na skrini ikawekwa juu ya kasha hilo. Wakati huo jina lilisema kweli. Baadaye kasha lilisimamishwa wima, na katika ofisi nyingi likahamia sakafuni. Hivyo tumefikia hali ya ajabu: ile tuiitayo ya mezani iko chini ya meza, na ile tuiitayo ya kupakata iko juu ya meza. Majina yote mawili yanataja mahali pa kuweka, na yote mawili yamekosea mahali penyewe.

Wenzetu wa Kenya hutumia pia neno kipakatalishi. Neno hilo limeunganisha pakata na mkia wa tarakilishi. Lina faida ya kuwa neno moja lenye ngeli iliyo wazi, kipakatalishi na vipakatalishi. Lakini mkia wa -lishi hauna maana ukisimama peke yake, na msikilizaji mgeni aweza kudhani unahusu kulisha. Zaidi ya hayo, kwa kuwa shina lake ni lilelile, linarithi kosa lilelile la kupakata.

Ili tusilaumu majina bila ya haki, yafaa tuieleze kazi yenyewe. Picha moja ya video ya ubora wa juu ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani nukta 2,073,600. Kila nukta ikichukua baiti 3, picha moja ni baiti zipatazo milioni 6.2. Kwa picha 25 katika sekunde moja, hizo ni baiti milioni 155 na zaidi. Dijei anapovuka kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine, video mbili huchezwa kwa pamoja, na hesabu huwa maradufu. Video ya nukta 3,840 kwa 2,160 huizidisha kila hesabu hiyo mara nne.

Faili, kwa kweli, huhifadhiwa zikiwa zimebanwa. Katika mbinu ya kubana inayotumika sana, picha nyingi hazihifadhiwi nzima. Huhifadhiwa tofauti tu kati ya picha moja na jirani zake. Mbinu hiyo humfaa atazamaye filamu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Dijei harukii mwanzo. Hurukia katikati, hurudi nyuma, hurudia kibwagizo. Kila arukapo, mashine hulazimika kutafuta picha nzima iliyo karibu na kuijenga upya ile anayoitaka. Zipo mbinu nyingine za kubana, kama HAP iliyotokea mwaka 2013, ambazo huipa kadi ya picha sehemu kubwa ya kazi hiyo. Lakini faili zake ni kubwa na zadai diski yenye kasi.

Kutokana na hayo twaona kwamba swali la dijei ni hili: je, mashine ina kadi ya picha yenye kumbukumbu yake yenyewe, au sehemu ya picha imo ndani ya kichakataji na hula kumbukumbu ya wote? Je, ina matundu ya kutosha ya kutolea picha, moja kwa projekta na jingine kwa skrini anayoitazama mwenyewe? Je, inapozwaje? Je, umeme ukikatika huwaje? Mapaja na meza hayajibu hata moja kati ya maswali haya.

Kwa kasha kubwa, majibu matatu ya kwanza huwa mazuri. Kompyuta ya mezani ina nafasi ya feni kubwa. Kadi yake ya picha yaweza kung'olewa na kuwekwa bora zaidi. Na kwa fedha ileile kwa kawaida hutoa nguvu zaidi. Lakini kasha hilo halikuundwa kwa safari. Kadi nzito iliyoning'inia ndani yake huweza kulegea kwa mitikisiko ya barabara, na skrini, kibodi na nyaya ni mizigo ya kubebwa mbali mbali.

Jibu la nne ndilo linaloipa kompyuta mpakato ushindi wake wa kweli, nalo halimo katika jina lake. Ina betri. Umeme ukikatika ukumbini, projekta huzimika na spika hunyamaza, lakini kompyuta haizimiki. Jenereta inapowashwa, dijei huendelea palepale alipokuwa. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba pembeni huanza upya kabisa, na dakika hizo katika harusi ni ndefu. Hata hivyo betri isitegemewe kuchezesha usiku kucha, kwa sababu mashine nyingi zenye kadi ya picha hupunguza nguvu zake mara zinapotengana na umeme wa ukutani. Betri ni daraja la kuvukia, si barabara.

Basi uchaguzi ni huu. Achanganyaye video na kuhama kutoka ukumbi hadi ukumbi anunue kompyuta mpakato yenye kadi ya picha ya peke yake, hata ikiwa nzito na nene, wala asivutwe na wembamba. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Ukumbi wenye skrini za kudumu, na msimulizi wa filamu afanyaye kazi chumbani, watafaidika zaidi na kompyuta ya mezani yenye betri ya akiba. Lakini hakuna awezaye kuufikia uchaguzi huu kwa kuyasoma majina tu.

Je, tuyafute majina haya na kuunda mengine? La hasha. Neno lililokwisha kuingia vinywani mwa watu haling'olewi kwa sababu limepungukiwa. Tumeona jinsi kishikwambi lilivyoenea baada ya vifaa hivyo kutumika katika Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022. Matumizi ya serikali yalifanya kazi ambayo kamusi peke yake isingeifanya. Kompyuta mpakato nalo limekwisha kukaa. Kulibadilisha sasa ni kuwachanganya walimu na makarani bila ya faida.

Tunalopendekeza ni mambo matatu. Kwanza, fasili za kamusi na orodha za istilahi ziache kueleza mashine hizi kwa mapaja na meza. Kompyuta mpakato ifasiliwe kuwa kompyuta yenye skrini, kibodi na betri katika umbo moja linalokunjwa na kubebeka. Na kompyuta ya mezani ifasiliwe kuwa kompyuta yenye sehemu zilizotengana, ikaayo mahali pamoja na kutegemea umeme wa ukutani. Fasili hizo humwonyesha mnunuzi tofauti iliyo ya kweli.

Pili, kazi mbili za dijei zitenganishwe. Kwa kuwa lugha yetu ina mcheza santuri na mpiga picha, haina shida ya kupata mchanganya video kwa yule wa ukumbini, na msimulia filamu kwa yule wa kibandani. Neno dijei libaki katika mazungumzo. Katika nyaraka litajwe lile linaloonyesha kazi.

Tatu, mtumishi wa umma aandikapo zabuni, na mfasiri aifasiripo, wasitosheke na jina la mashine. Waandike kazi itakayofanywa, kisha wataje kadi ya picha, kumbukumbu, matundu ya kutolea picha na betri. Mistari minne ya ziada katika waraka ule nilioutaja ingalitosha kuwaepusha vijana wale na aibu ya siku ile. Mimi niliyesahihisha nukta zake nilipaswa kuuliza kompyuta hizo zitafanya kazi gani, nami sikuuliza.

Wasomaji wenye maoni tofauti, hasa walimu wafundishao maneno haya madarasani na mafundi wayatumiao kila siku, wanakaribishwa kuyatoa ili istilahi hizi zipate kukamilishwa.