Kugawa Ishara ya Miliampea 4 Hadi 20: Namna ya Kuitambua Kazi Nzuri

Ishara ya miliampea 4 hadi 20 ndiyo inayobeba vipimo vingi viwandani: kina cha maji tangini, shinikizo la mvuke, joto la tanuri. Transmita iliyounganishwa na sensa hutoa miliampea 4 kipimo kikiwa chini kabisa na 20 kikifika juu kabisa. Kwa kuwa kinachosomwa ni mkondo wala si volti, urefu wa waya hauharibu kipimo mradi volti za kuusukuma zinatosha. Waya ukikatika, mkondo hushuka hadi sifuri, na hakuna atakayedhani kwamba tangi ni tupu. Ugumu huanza pale kipimo kimoja kinapotakiwa na vifaa kadhaa, kwa mfano kidhibiti cha pampu, rekoda na kioo cha kusomea.

Kuviunga vifaa hivyo sambamba ni kosa lisilo na utetezi. Mkondo wa miliampea 12 ukigawanyika kati ya vifaa viwili vyenye ukinzani sawa, kila kimoja husoma 6, na vyote viwili vinadanganya. Mkondo sharti upite kifaa cha kwanza, uingie cha pili, kisha urudi ulikotoka. Muungo huu wa mfululizo hauna gharama, na mahali pengi unatosha kabisa. Kununua kifaa cha kugawia ishara kabla ya kupiga hesabu yake ni kutupa fedha.

Hesabu yenyewe ni ya volti. Chukua chanzo cha volti 24 na transmita inayohitaji angalau 12 ili ifanye kazi. Zimebaki 12, nazo kwa mkondo wa miliampea 20 zinaweza kubeba omu 600, zaidi ya hapo haziwezi. Vifaa viwili vya omu 250 kila kimoja vinachukua 500, na 100 zinaachiwa nyaya. Akija mtu akaongeza cha tatu, jumla inafika 750 na mkondo hauwezi kuvuka takriban 16. Katika tangi la mita 10, kipimo kitapanda vizuri hadi mita 7.5 kisha kitaganda hapo huku maji yakiendelea kujaa. Transmita nyingine huzimika na kuwaka tena. Chini ya mita 7.5 kila kitu kinaonekana sawa. Ndiyo maana kazi iliyokaguliwa tangi likiwa nusu haijakaguliwa.

Jambo la pili la kutazama ni kifaa kimoja kinapoondolewa. Rekoda ikipelekwa kutengenezwa na saketi ikakatika, pampu nayo hupoteza kipimo. Fundi mzuri hufunga rezista ya omu 250 ndani ya paneli, na rekoda husoma volti 1 hadi 5 kati ya ncha zake mbili. Rekoda ikitoka, mkondo unaendelea. Hapa inafaa kusogea karibu na kuangalia skrubu. Mguu wa rezista na waya wa rekoda vikibanwa chini ya skrubu moja, atakayeulegeza waya atailegeza na rezista, na faida yote imepotea. Kila kimoja kiwe na mahali pake. Rezista nayo iwe ya usahihi wa asilimia 0.1 au bora zaidi, kwani kosa lake huingia moja kwa moja kwenye kipimo.

Ethi huwaumbua wengi. Vifaa viwili vya mfululizo ambavyo upande hasi wa kila kimoja umefungwa kwenye ethi ndani kwa ndani haviwezi kukaa pamoja: mkondo hupita njia ya mkato ardhini, na cha mwisho husoma karibu na sifuri. Hapo, au omu zikizidi, ndipo kifaa cha kugawia ishara kinapohitajika.

Kifaa hicho kizuri hutenga kiumeme ingizo, kila tokeo na chanzo chake cha umeme, kila kimoja na mwenzake. Vya bei rahisi hutenga ingizo tu na kuyaacha matokeo yakishirikiana waya hasi. Jaribio lake ni jepesi: ingiza miliampea 12 kutoka kwenye kalibreta, fungua tokeo moja, kisha lizungushie waya mfupi. Tokeo la pili lisitikisike. Kosa la asilimia 0.1 ya masafa ni miliampea 0.016, na inafaa kulitafuta kwenye 4, 8, 12, 16 na 20.

Kisha ingiza 3.5 na 21.5. Pendekezo la NAMUR NE 43 hutumia mikondo isiyozidi 3.6 au inayofikia 21 kutangaza hitilafu ya sensa, na kifaa kinachokata kila kitu kwenye 4 na 20 huigeuza hitilafu kuwa tangi tupu au tangi lililojaa. Kwenye mitambo inayotumia HART, ambayo hupachika masafa ya hezi 1200 na 2200 juu ya mkondo, ikaguliwe pia kama ishara hizo zinavuka. Vifaa vingi huzichuja.

Kidhibiti cha usalama hakipewi tokeo la kifaa cha kugawia cha kawaida. Kisome mkondo wa transmita wenyewe, na rekoda na vioo ndivyo vipewe nakala, kwa kuwa kifaa cha kugawia kikikosa umeme matokeo yake yote hufa kwa pamoja.