Rangi Nyuma ya Ubepari: Mwanamfalme wa Moroko katika Mabepari wa Venisi

Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Julius Nyerere alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Merchant of Venice. Mfanyabiashara mmoja wa matini chasili akawa mabepari wengi katika matini lengwa. Jina hilo humwelekeza msomaji kwenye fedha, riba na utabaka, na ndivyo wengi wetu tunavyoifundisha tamthilia hii. Makala haya hayaukanushi usomaji huo. Yanadai kwamba neno mabepari limepata nguvu kiasi cha kuufunika mgogoro mwingine ulio wazi katika matini, yaani mgogoro wa rangi ya ngozi, na kwamba kuufunika kunawagharimu wasomaji wetu.

Hoja hii ilianza na swali. Nilikuwa nikiisoma tamthilia na wanafunzi wachache wa uzamili huko Mkolani, nje kidogo ya kitovu cha jiji la Mwanza. Mmoja wao, aliyekuwa akijiandaa kwenda kusoma Ulaya, aliuliza: kwa nini Mwanamfalme wa Moroko anaanza kwa kuiombea rangi yake msamaha ilhali hakuna aliyemlaumu? Nilijibu upesi kwamba hiyo ni adabu ya mgeni. Jibu hilo halikuwa sahihi, na matini yenyewe inalikanusha.

Tuutazame mpangilio wa matukio. Katika onyesho la pili la sehemu ya kwanza, Portia anaarifiwa kwamba Mwanamfalme yuko njiani. Hajamwona bado, lakini anamwambia mtumishi wake Nerissa kwamba hata kama mgeni huyo ana tabia ya mtakatifu, akiwa na rangi ya shetani hamtaki awe mumewe. Mwanamfalme anapofika, mwanzoni mwa sehemu ya pili, anasihi asichukiwe kwa ngozi yake. Portia anamjibu kwa upole kwamba macho peke yake hayamwongozi, na kwamba mgeni huyo hana upungufu akilinganishwa na wachumba waliomtangulia. Mwanamfalme anachagua kasha la dhahabu, anashindwa na kuondoka. Mlango ukishafungwa, Portia anashukuru kwa kuondokewa na kuwatakia wote wenye rangi hiyo wachague vivyo hivyo.

Mpangilio huu ndio unaojibu swali la Mkolani. Mwanamfalme hakusikia lililosemwa kabla hajafika, wala hatasikia litakalosemwa akishaondoka. Hata hivyo anajitetea, kwa sababu amekwisha kujifunza kwingineko kwamba ngozi yake hutangulia kuingia ukumbini kuliko yeye. Utetezi wake unategemea damu: yuko tayari ipimwe kando ya damu ya mtu mweupe kabisa wa kaskazini, ionekane ipi ni nyekundu zaidi. Baadaye Shylock naye, katika utetezi wake maarufu, anauliza kama Myahudi akichomwa hatoki damu. Wabaguliwa wawili wasiokutana jukwaani wanalazimika kutoa ushahidi uleule kuthibitisha kuwa ni watu. Usomaji wa kitabaka pekee hauwezi kuueleza mwangwi huo, kwa kuwa Shylock ana mali na Mwanamfalme ana ufalme.

Belmont, makazi ya Portia, inafanana sana na chuo kikuu cha ugenini. Mgeni amekaribishwa. Mtihani ni mmoja kwa wote, na kanuni zake zimeandikwa katika wasia. Ubaguzi haumo katika makasha. Umo katika yanayosemwa kabla ya mtihani na baada yake. Historia ya wanafunzi weusi na wa Asia ina mifano ya mpaka huo. Mwaka 1927 baadhi ya migahawa na kumbi za dansi za Edinburgh ziliwafungia milango watu wa Asia na Afrika, na wanafunzi wa Kihindi wakawa mstari wa mbele kupinga. Chuo kiliwasajili; mtaa ukawakataa. Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma Kansas mwaka 1960, anasimulia katika Unbowed jinsi yeye na wenzake walivyosimama njiani huko Indiana wakakatazwa kukaa mkahawani kunywa soda. Anasimulia pia wema wa watawa waliomfundisha. Mambo yote mawili ni kweli, na la pili halilifuti la kwanza.

Nyerere mwenyewe alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952. Katika kipindi hicho aliandika insha kuhusu tatizo la rangi Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliingizwa katika kitabu chake Freedom and Unity. Insha hiyo si malalamiko ya mwanafunzi aliyedhulumiwa ugenini. Inaitazama nchi yake, ambako shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika zilitenganishwa, utaratibu uliodumu hadi zilipounganishwa mwanzoni mwa 1962. Sidai kwamba Nyerere alijiona katika Mwanamfalme wa Moroko. Ninachodai ni kwamba mfasiri huyu alikuwa amelifikiria suala la rangi miaka mingi kabla ya kulifikiria neno mabepari, na kwamba mhakiki hana ruhusa ya kusoma nusu moja tu ya fikra zake.

Kuna pingamizi la haki. Mwanamfalme ana majivuno. Anavutwa na mng’ao wa dhahabu, na kosa la kuchagua ni lake. Nakubali. Lakini Portia hafurahii kushindwa kwa mwenye majivuno. Anafurahia kuondoka kwa mwenye rangi. Matokeo ya mtihani yanaweza kuwa ya haki kabisa huku nia ya mwenye nyumba ikiwa si ya haki. Mwanafunzi aliyefeli ugenini anastahili kuambiwa kwamba amefeli. Hastahili kufanywa kipimo cha wote wanaofanana naye.

Hapa ndipo tafsiri inapofanya kazi ambayo matini chasili isingeweza kuifanya. Maneno ya Portia kuhusu rangi yalikusudiwa kusikiwa na Nerissa peke yake. Kwa Kiswahili yanasikiwa na Mkolani nzima. Msomaji lengwa ndiye mwenye rangi inayotajwa. Amewekwa nyuma ya pazia, anayasikia yale ambayo Mwanamfalme hakuyasikia. Mhakiki anayeipita sehemu hiyo haraka ili afike kwa Shylock na riba yake anamnyang’anya msomaji huyo faida kubwa aliyoachiwa na mfasiri.

Kwa hiyo Mabepari wa Venisi inapaswa kufundishwa kwa dhamira mbili zinazokabiliana, ubepari na rangi, bila ya moja kuimeza nyingine. Yule mwanafunzi sasa ningemjibu hivi: Mwanamfalme haombi radhi kwa sababu ana hatia. Anajibu shutuma ambayo imekwisha kutolewa asipokuwapo. Anayesafiri akilijua hilo hatalazimika kuipima damu yake mbele ya mtu yeyote; atalichagua kasha lake, na likimshinda, atajua kwamba kilichoshindwa ni uchaguzi wake, si ngozi yake.