Karatasi za Ukutani na Watu Wanaozikusanya

Tangazo la sinema, ile karatasi kubwa ambayo sisi huku Katanga twaiita afishi, huchapwa ili iishi siku chache tu. Hubandikwa ukutani kwa gundi, hunyeshewa mvua, hupigwa na jua, kisha nyingine hubandikwa juu yake. Hata hivyo wako watu wanaotoa mali nyingi kwa ajili ya afishi za Kifaransa za tangu mwaka 1895 hadi 1930 hivi, wakati sinema ilipokuwa bado bubu. Mwaka 2018 afishi ya ndugu wawili Lumière, iliyochorwa na Henri Brispot, iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 100,000. Je, watu hao wana busara, au wamerukwa na akili? Sisi twasema kazi yao yaweza kuwa njema, lakini si kwa sababu ya bei.

Kwanza tuzitazame afishi zenyewe. Tarehe 28 Desemba 1895, katika Grand Café mjini Paris, Auguste na Louis Lumière walionyesha picha zao kwa watu 33, kila mtu amelipa faranga moja. Mwaka uliofuata Marcellin Auzolle aliwachorea afishi. Katika picha mtunza bustani anapigwa maji usoni na mpira wake mwenyewe, nao watazamaji walioketi mbele yake wanacheka. Mchoraji hakuisifu mashine, wala hakumwaga maneno. Alionyesha furaha ya watu, na mpita njia asiyejua kusoma akaelewa papo hapo ni kitu gani kinachouzwa. Hiyo ndiyo kazi ya haki: nje yaonyesha kilichomo ndani.

Sasa tuweke kando yake afishi ya Les Vampires, mfululizo wa Louis Feuillade wa mwaka 1915, wenye habari za genge la wezi wa Paris. Hapo twaona kichwa kilichofunikwa kitambaa cheusi, alama kubwa ya kuuliza, na maswali mafupi yasiyo na jibu. Kwa ufundi, huenda inaishinda ile ya Auzolle, maana jicho likiisha kuiona haliwezi kuiacha. Lakini Auzolle huuza kicheko kwa kukionyesha. Hii huuza hofu kwa kuificha. Polisi wa Paris waliuzuia mfululizo ule kwa muda. Mkusanyaji mwenye akili ataziweka zote mbili pamoja, kwani zote zashuhudia mambo ambayo watu wa siku zile waliyatamani.

Mbona zimekuwa adimu? Zilichapwa kwa mawe, kila rangi na jiwe lake, juu ya karatasi nyembamba ambayo mara nyingi ilikuwa na upana wa sentimita 120 na urefu wa 160. Karatasi ya namna hiyo hustahimili kidogo tu. Na filamu zenyewe ziliteseka vivyo hivyo. Wakati wa vita ya 1914 hadi 1918, jeshi la Ufaransa lilichukua mamia ya nakala za filamu za Georges Méliès, likaziyeyusha ili kupata fedha iliyomo, na selulodi ya kutengenezea visigino vya viatu. Sisi wa Likasi, watu wa mji wa madini, twaijua hesabu ya namna hiyo: kitu hupimwa kwa madini yake, na mengine yote huhesabiwa kuwa takataka. Ndiyo sababu kwa filamu nyingi za wakati ule imebaki afishi peke yake, mfano wa jina juu ya msalaba wa kaburi.

Basi, anayeokota karatasi hiyo ameokoa ushahidi. Lakini wako wakusanyaji wa namna mbili. Mwaka 1936 Henri Langlois na Georges Franju walianzisha Cinémathèque française mjini Paris. Huko filamu na afishi hutunzwa ili watu wazione na kujifunza. Mwingine hununua afishi, akaifungia katika sanduku, akingoja bei ipande. Huyu ameikinga na mvua, lakini ameinyima macho ya watu. Karatasi iliyochapwa kwa ajili ya njia kuu sasa haionwi na mtu yeyote: imepotea mara ya pili.

Jambo hili latugusa sisi pia. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia ya nchi yetu juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akauza picha zake kwa bei ndogo ili zitundikwe katika nyumba za watu. Picha zake kama 100, alizomfanyia mwalimu Johannes Fabian katika miaka ya 1973 na 1974, zikatokea katika kitabu mwaka 1996, nazo zimehifadhiwa Amsterdam. Tumshukuru aliyezitunza. Lakini tujiulize: zile zilizokuwa katika kuta zetu wenyewe ziko wapi?

Kwa hiyo tusingoje tajiri wa mbali atufundishe thamani ya vitu vyetu. Tangazo la mchezo wa vijana, la sikukuu ya parokia, la sinema ya uwanjani: wekeni nakala moja. Nyuma yake andikeni kwa kalamu ya risasi mwaka, mahali na jina la mchoraji. Msiikunje, wala msiibandike kwa utepe wa gundi. Ilazeni mahali pakavu, mbali na jua na mchwa. Kisha siku moja kwa mwaka itoeni, watoto waitazame. Karatasi iliyotengenezwa ili ionekane hutunzwa vema ikiwa bado yaonekana.