Kiunzi cha Wengine, Ukurasa wa Singida

Mwaka 2017 zilizinduliwa kwa mpigo tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 za Tanzania Bara. Mkoa wa Singida ulipata ya kwake, na halmashauri zake saba zikapata zao: Manispaa ya Singida, Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi. Aliyezifungua moja baada ya nyingine aliona sura za ndugu wa tumbo moja. Nembo ya Taifa juu, jina la halmashauri katikati, menyu inayoanza na Mwanzo, matangazo na habari mpya vikipangwa kwa utaratibu uleule. Nyuma yake kulikuwa na mfumo mmoja, kazi ya Wakala ya Serikali Mtandao ikishirikiana na TAMISEMI na mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani. Maafisa habari na maafisa TEHAMA wa wilaya walifundishwa kuujaza. Hakuna aliyeambiwa akae chini achore kitufe.

Kuna watu huuita ufundi wa namna hii uvivu. Wanasema fundi wa kweli huanza na ukurasa mtupu. Lakini halmashauri yenye ofisa TEHAMA mmoja au wawili, ambao siku hiyohiyo wanahangaikia mashine ya kuchapishia na mtandao wa ofisi ya mapato, haina nafasi ya kubuni upya umbali kati ya aya na aya. Kilichotakiwa ni mtu anayejua kuchukua kiunzi cha wengine, yaani mitindo na vipande vya ukurasa vilivyokwisha kutengenezwa, na kukisimamisha mahali pake. Mara nyingi sifa humwendea aliyebuni kiunzi. Anayekiunga kwenye programu hatajwi, ilhali kazi yake ndiyo inayomfikia msomaji.

Wabunifu wa viunzi vya kurasa za mtandao wanajulikana. Tarehe 10 Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, Mnorwei aliyekuwa akifanya kazi CERN, alitoa pendekezo la kutenganisha maandishi ya ukurasa na sura yake. Pamoja na Bert Bos wa Uholanzi akalikuza likawa lugha ya mitindo iitwayo CSS, na Desemba 1996 ikapitishwa rasmi katika toleo lake la kwanza. Miaka kumi na mitano baadaye, Agosti 2011, Mark Otto na Jacob Thornton, wakiwa Twitter, walitoa hadharani Bootstrap: safu 16 za kupangia ukurasa, vitufe, fomu na menyu, vyote vikiwa tayari. Mwaka 2017 Adam Wathan wa Kanada na wenzake wakaleta Tailwind, iliyokuja kwa mlango mwingine. Haikumpa fundi kitufe kilichokamilika. Ilimpa klasi ndogondogo, kila moja ikifanya jambo moja: p-4 huweka nafasi ya ndani, text-center huleta maneno katikati, rounded hulainisha pembe. Kitufe anakiunda mwenyewe kwa kuzipanga.

Tuseme kijana mmoja mjini Singida anatengeneza programu ya kuonyesha bei za vitunguu katika soko la Misuna. Ameiandika kwa JavaScript na anaijenga kwa Vite, zana iliyoanzishwa na Evan You mwaka 2020. Programu inafanya kazi, bei zinaingia na kutoka, ila sura yake ni ileile anayopewa na kivinjari: herufi nyeusi, jedwali lisilo na mistari, vitufe vya kijivu. Anaamua kuongeza Tailwind. Kwenye toleo la 4 maelekezo ni mafupi. Anasakinisha vifurushi viwili kwa npm, anaitaja programu-jalizi yake ndani ya vite.config.js, anaandika mstari mmoja wa @import kwenye faili la CSS, kisha faili hilo analiita kutoka kwenye faili kuu la JavaScript. Anawasha seva ya majaribio.

Vichwa vya habari vimesinyaa vikawa sawa na aya. Nukta za orodha zimetoweka. Nafasi kati ya aya na aya hakuna.

Mgeni wa kazi hii hufuta kila kitu na kuanza upya, akidhani ameharibu. Mzoefu anajua kwamba hiyo ni Preflight, sehemu ya Tailwind inayofagia mitindo ya asili ya kivinjari ili Chrome, Firefox na Safari zianze mahali pamoja. Kiunzi kimefanya kilichoahidi, na sasa ni zamu ya fundi kurudisha anachokihitaji, kimoja kimoja, kwa uamuzi. Kwenye orodha ya masharti ya mauzo anarudisha nukta. Kwenye menyu haziwezi kurudi, kwa kuwa menyu nayo imeandikwa kama orodha na hakuna anayetaka kuona nukta hapo. Kila mtindo unaorudi umepita mkononi mwake, tofauti na awali ambapo mingi ilikuwapo bila yeyote kuiita.

Hilo la Preflight ni jambo la kwanza la kujua. Jambo la pili linahusu mpangilio. Katika CSS, kanuni mbili zenye nguvu sawa zikigombea kitu kimoja, ya mwisho kuandikwa ndiyo hushinda. Kwa hiyo anayeunga Bootstrap hutanguliza faili la Bootstrap, kisha huleta la kwake. Waliojenga tembe katika nchi ya Wanyaturu na Wanyiramba walisimamisha nguzo na kulaza boriti kabla ya kupanga fito na kukandika udongo. Aliyeanza na udongo hakuwa na nyumba. Tangu mwaka 2022 vivinjari vikubwa vimekubali pia tabaka za CSS, ambapo fundi anatangaza mwanzoni kabisa tabaka lipi lina kauli juu ya lipi. Tailwind 4 imejengwa juu ya utaratibu huo. Hapo ugomvi wa nani kaandikwa mwisho unapungua, na maneno ya !important, ambayo mafundi waliyatawanya kama pilipili miaka ya nyuma, yanapungua pia.

Jambo la tatu hunasa hata wazoefu. Kijana wetu anataka bei iliyopanda ionekane kwa kijani na iliyoshuka kwa nyekundu. Anaandika msimbo unaounganisha vipande: 'text-', kisha jina la rangi kutoka kwenye data, kisha '-600'. Inaonekana kazi safi. Lakini Tailwind haitekelezi JavaScript ya mtu. Inasoma mafaili yake kama maandishi tu, ikitafuta majina kamili ya klasi, na kila inaloliona inalitengenezea mtindo. Jina lililokatwakatwa halionekani, hivyo rangi haitoki. Kabla ya toleo la 3 la Desemba 2021 mtego huu ulikuwa mbaya zaidi: kwenye kompyuta ya fundi kila klasi ilikuwapo, usafishaji ulifanyika wakati wa ujenzi wa mwisho, na kasoro ikajitokeza tovuti ikiwa tayari mbele ya watu. Dawa ni jedwali dogo ndani ya msimbo: panda, text-green-600, shuka, text-red-600. Majina mazima, yaliyoandikwa herufi kwa herufi.

Usomaji huo wa mafaili ndio unaofanya ukurasa uwe mwepesi. Tailwind 2 yote kwa jumla, kabla ya kusafishwa, ilizidi megabaiti 3. Ikishasafishwa na kubanwa, mradi wa kawaida hubaki na chini ya kilobaiti 10 za CSS. Bootstrap 5 ikichukuliwa nzima inazidi kilobaiti 200, na ikibanwa inasafiri kama kilobaiti 30 hivi. Kwa mtu aliye kwenye intaneti ya ofisi hesabu hizi hazina uchungu. Mkulima wa Mkalama aliyenunua bando la siku ili aulize bei kabla ya kukodi Fuso analipia kila kilobaiti, zikiwemo za vitufe ambavyo programu haina.

Vite inaongeza ujanja mmoja. Wakati wa ujenzi inaitoa CSS yote kwenye faili lake na kulipa jina lenye herufi na tarakimu zinazotokana na yaliyomo. Yaliyomo yakibadilika, jina linabadilika. Yasipobadilika, jina linabaki. Kwa hiyo seva inaweza kuiambia simu ilitunze faili hilo hata mwaka mzima bila hofu ya kuonyesha sura iliyopitwa na wakati. Mkulima akirudi kesho kutwa, kinachoshuka ni bei mpya tu.

Zipo njia za mkato. Inayopendwa zaidi ni kutosakinisha chochote: unaweka kiungo kimoja kinachoita Bootstrap kutoka kwenye seva ya umma iliyo nje ya nchi, kazi imekwisha. Zamani njia hii ilitetewa kwa hoja nzuri. Msomaji aliyepita kwenye tovuti nyingine yenye kiungo kilekile alikuwa tayari na faili hilo kwenye simu, halishuki tena. Hoja hiyo imekufa. Kwa sababu za faragha, Chrome tangu toleo la 86 la Oktoba 2020 na Firefox tangu toleo la 85 la Januari 2021 hutenga hifadhi ya kila tovuti. Faili lilelile likiitwa na tovuti mbili hushuka mara mbili.

Kiungo hicho cha nje kina hatari nyingine pia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Tovuti iliyo kwenye seva ya ndani ya nchi iliweza kufikika bila kuvuka bahari. Lakini CSS inayoitwa kutoka mbali hukizuia kivinjari kuchora ukurasa hadi ifike au muda wa kuisubiri uishe. Katika siku kama ile, maandishi yanaweza kuwa yamekwishaingia kwenye simu na msomaji bado akatazama weupe mtupu. Aliyeiunga CSS ndani ya ujenzi wake, ikasafiri kutoka seva ileile ya programu, hakuwa na tatizo hilo.

Ustadi huu unajumuisha pia kujua wakati wa kuacha. Kwa miaka mingi matokeo ya Baraza la Mitihani yamekuwa yakitoka kwenye kurasa za jedwali tupu, zisizo na mapambo ya kisasa. Wabunifu huzicheka. Januari ikifika, maelfu kwa maelfu ya wazazi na watahiniwa huzivamia kwa saa zilezile, kwa simu za kila umri, na ukurasa wenye namba ya mtahiniwa na daraja lake hauhitaji kivuli chini ya kitufe. Kiunzi kinajilipa pale kurasa zinapokuwa nyingi, fomu zinapojirudia na watu zaidi ya mmoja wanapogusa msimbo.

Programu ya vitunguu imevuka mpaka huo, kwa hiyo kijana anaendelea, na sasa anaipima kwenye simu. Tailwind na Bootstrap zote huanza na skrini ndogo kisha hupanua kuelekea kubwa, na hilo linamfaa, maana wasomaji wake wengi wana skrini zenye upana wa pikseli 360 hivi. Jedwali la safu sita halienei humo. Analigeuza kuwa kadi, soko moja kadi moja, na jedwali lirudi kuanzia pikseli 768. Kisha anatoka nje saa saba mchana. Tarehe za bei, alizozipa kijivu cha namba 400 ili zisishindane na bei yenyewe, hazisomeki juani. Vipimo vinakubaliana na macho yake: kijivu hicho juu ya nyeupe kina utofauti wa takriban 2.5 kwa 1, wakati mwongozo wa kimataifa wa ufikivu unadai angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Anasogeza hadi 500, anapata 4.8.

Jaribio la mwisho analifanya kwa simu kuukuu, Android 6. Ukurasa unafunguka, mpangilio umesimama, ila bei za kijani na nyekundu zote ni nyeusi. Simu hiyo haipati Chrome zaidi ya toleo la 106. Tailwind 4, iliyotoka Januari 2025, inadai Chrome 111 au zaidi, kwa kuwa rangi zake zimeandikwa kwa utaratibu wa oklch ambao vivinjari vya nyuma haviuelewi. Vite 7 nayo, isipoelekezwa vingine, hujenga kwa ajili ya Chrome 107 kwenda mbele, yaani inaiacha simu hii kwa namba moja.

Anarudi kwenye kompyuta na kushuka hadi Tailwind 3.4. Faili la mipangilio linarudi, na ndani yake anaorodhesha mwenyewe folda za kusomwa. PostCSS, zana ya kuchakata CSS, inaingia pale programu-jalizi ilipotoka. Mstari mmoja wa @import unakuwa mitatu ya @tailwind. Kwenye vite.config.js anaongeza shabaha ya chini zaidi ya vivinjari, na pembeni ya kila bei anaweka mshale, juu au chini, ili hata asiyetofautisha rangi aelewe. Anajenga upya, anaangalia ukubwa wa faili la CSS, anafungua tena kwenye Android 6: kijani na nyekundu zipo. Kabla ya kutuma kazi anahakikisha package-lock.json imo, ili atakayeisakinisha mwakani apate matoleo haya haya, na kwenye faili la maelezo anaandika kwa Kiswahili: mradi huu umebaki toleo la 3.4 kwa ajili ya simu za Android 6. Usipandishe kabla ya kujaribu kwenye simu hizo.